Mawe ya Miguuni pa Nundu

Baba mdogo wangu alikuwa anatengeneza milima. Usicheke, ndivyo alivyokuwa anajibu mwenyewe akiulizwa kazi yake, tena kwa sura kavu kama mtu anayesema anauza mkaa. Milima ya kukaa kwenye trei. Unaweka mezani, unamwagilia kwa kijiko. Juu ya mlima kuna mti, na ni mti wa kweli, umezeeka, shina limepinda, mizizi imelikumbatia jiwe utafikiri kuna mtu anataka kuinyang'anya. Ila kimo chake chote ni kiganja changu. Wenye simu zao wanajua, inaitwa bonsai. Mtaani kwetu waliita "vile vitu vya Kokoto", kwa sababu Kokoto ndilo jina alilopewa na mtaa, na hata mke wake akikasirika anamwita hivyo hivyo.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa kibarua kwenye kitalu cha maua kando ya barabara, kumwagilia na kubeba mbolea. Kuna mteja alileta kimti kimoja mgonjwa kwenye sahani ya udongo, akakiacha, hakurudi tena. Baba mdogo akakilea kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kikapona. Mama mdogo anasema siku kile kimti kilipotoa jani jipya ndiyo siku yeye alipopata mke mwenza.

Miche alikuwa anaipata bure. Unajua ile mikuyu inayojiotea kwenye nyufa za kuta na mifereji ya mabati, ambayo watu wanaing'oa? Hiyo hiyo. Anaitandaza mizizi juu ya jiwe, anaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, anazika vyote kwenye mchanga, halafu anasahau. Yaani anajifanya kusahau, maana kila asubuhi yuko pale anachungulia. Ukoga wa kijani, ule unaoota nyuma ya mabomba, ndio ulikuwa majani yake ya mlimani. Niliishi kwao tangu nianze sekondari, kwa hiyo nimekwaruza ukoga wa mabomba ya mtaa mzima kwa kijiko cha chai, na watu walikuwa wanapita wananiona.

Sasa, yeye alikuwa anasema mti si kazi. Kazi ni jiwe.

Kuna watu wengine wanatengeneza hivi vitu, nimewaona mtandaoni, wanafinyanga mlima kwa saruji na kuupaka rangi. Nikimwonyesha, anaangalia kidogo halafu anarudisha simu kwa vidole viwili.

"Huyu hajawahi kuona mlima," anasema.

"Baba mdogo, ana wafuasi laki mbili."

"Basi hao nao hawajauona."

Yeye alikuwa habuni kitu. Jumapili tunapanda kilima kilichoko nyuma ya nyumba, kilima cha miamba mitupu, na analala chini kifudifudi. Mtu mzima, na suruali ya kutokea. Anasema ukitaka mlima uonekane mkubwa kwenye trei lazima uujue kwa macho ya sisimizi, siyo kwa macho yako wewe uliyesimama. Na mimi ananilaza.

"Nimevaa nyeupe, baba mdogo."

"Jiwe halijali umevaa nini."

Nikalala. Na kweli, nakwambia, jiwe la ukubwa wa sufuria likawa jabali, limenizibia mbingu. Nikawa napiga picha kutokea pale chini, yeye ananielekeza huku shavu liko kwenye changarawe. Angalia maji yanapopita. Angalia huu ufa unavyoanza mwembamba ukapanuka. Angalia mistari, yote inalalia upande mmoja, kama nyuzi za kitambaa. Hiyo mistari ndiyo ilikuwa dini yake. Mawe ya kwenye trei moja lazima yawe ya ukoo mmoja, na mistari yake ielekee upande mmoja, kwa sababu mlima ni kitu kimoja kilichovunjika, siyo wageni waliokutanishwa.

Kwa hiyo kama unataka kutengeneza jabali fulani, mawe unayachukua wapi? Miguuni pake. Yale yaliyomeguka kutoka kwake mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, na watu walizipenda trei zake bila kujua kwa nini.

Na jabali alilolipenda kuliko yote lilikuwa Nundu.

Nundu lilikuwa jiwe moja kubwa kama lori lililopakiwa, limekaa kwenye mteremko na kuinamia mbele, lina nundu mgongoni kama fahali. Chini yake, hatua chache tu, kuna vyumba viwili vya Mama Pacha. Mama Pacha anafulia watu nguo. Alikuwa amegongelea msumari mkubwa kwenye Nundu, akafunga kamba, ndipo anapoanika mashuka ya watu. Anamwita mama mdogo dada, kwa hiyo baba mdogo ni shemeji, na shemeji alikuwa anataniwa mpaka anachoka. Akimwona amechuchumaa pale chini ya Nundu na kipande cha nondo, anachokonoa mawe madogo, anaanza.

"Shemeji, umekuja kunifagilia uwanja?"

"Nachukua mawe yangu tu."

"Chukua, chukua yote. Hayo mawe yana nge, juzi mmoja karibu aniumie mtoto."

"Nge hamuumi mtoto, anamuuma mama mwenye kelele."

"Basi mimi angekuwa ameshanimaliza," anasema Mama Pacha, na anacheka mpaka anashika kamba isidondoke na mashuka. Akimaliza kucheka anamletea maji ya kunywa.

Miaka ilipita hivyo. Kila trei nzuri iliyotoka kwa baba mdogo ilikuwa na miguu ya Nundu ndani yake. Anaibeba nyumbani, anaichonga chini iwe bapa ili ikae vizuri kwenye trei, anaipandia mkuyu. Nyingine ziko kwa kinyozi, nyingine kwenye duka la dawa, nyingine hatujui hata ziko mji gani.

Halafu ikaja kazi kubwa. Mama wa kitalu, yaani mwajiri wake, alipata mteja aliyetaka trei pana ya kuweka kwenye ukumbi wa kuingilia ofisini kwake. Alitaka mandhari nzima, jabali, mteremko na miti. Baba mdogo akasema hiyo ni Nundu, na haitakuwa kitu kingine. Hakulala vizuri kwa furaha. Kule kilimani akapata jiwe moja, nakwambia lilikuwa Nundu mtoto, hata nundu lilikuwa nayo. Akaapa kwamba safari hii hatatumia tone la saruji. Litasimama lenyewe kama mama yake.

Lilikataa kusimama.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, tuko uani, mama mdogo anasuka nywele za jirani. Baba mdogo anaweka jiwe, linakaa, anaondoa mkono, linateleza mbele taratibu, pu. Anaweka tena. Anabadilisha mchanga. Pu.

"Limekukataa," mama mdogo anasema. "Kama ambavyo na mimi ningekukataa, ningekuwa na akili."

"Nitolee ile picha ya zamani," baba mdogo ananiambia mimi. "Ile ya kwanza kabisa ya Nundu. Nataka kuona miguu yake ilivyokuwa."

Ile picha ninayo, ni ya simu yangu ya kwanza. Nikaivuta karibu. Chini ya mdomo wa Nundu palikuwa pamejaa mawe, madogo na ya wastani, yamebanana kama meno. Baba mdogo akaangalia, akachagua vijiwe uani, akavipanga kwenye trei kama vilivyo kwenye picha, kimoja kimoja, akaegemeza lile jiwe. Likasimama. Akaligonga kwa kidole, likatulia tuli.

Alifurahi, nilimwona. Alitabasamu kabisa. Halafu akanyoosha mkono, kwa mazoea tu, akachomoa kijiwe kimoja cha mbele kwa sababu kilikuwa kinaharibu mstari. Na lile jiwe likainama kidogo, polepole.

Akabaki na kile kijiwe mkononi. Mama mdogo aliacha kusuka.

"Nini?" akauliza.

Baba mdogo akainuka. Alikitazama kile kijiwe, akaitazama simu yangu, halafu akatoka na ndala zake bila kunawa mikono. Nikamfuata. Alilala kifudifudi chini ya Nundu, kama siku zote, ila safari hii aliingiza mkono wote mpaka bega pale mawe yalipokuwa. Palikuwa wazi. Paka alikuwa amezalia humo.

"Ni mimi," akasema, uso uko chini. "Nimelitoa meno."

Alimwambia Mama Pacha siku ile ile, hakuzunguka. Alimwonyesha. Aliteremsha uzi wenye jiwe kutoka kwenye mdomo wa Nundu, kama mafundi ujenzi wanavyofanya, akapiga msumari ardhini ncha ilipogusa. Baada ya siku chache uzi ulikuwa umeuvuka msumari, maana yake Nundu lilikuwa limesogea mbele. Kidogo tu, upana wa kidole. Mama Pacha aliutazama ule uzi, na nilimwona akihesabu kichwani yote aliyowahi kumwambia achukue.

"Kwa hiyo miaka yote unachukua, mimi nakupa na maji ya kunywa," akasema.

"Sikujua, shemeji."

"Si wewe unayejua mawe? Mtaa mzima unasema Kokoto anajua mawe."

"Nilikuwa naangalia sura. Sikuangalia linakaa juu ya nini."

"Sasa unataka niende wapi? Niende wapi na watoto na mashuka ya watu?"

"Njoo kwetu."

"Kwenu kuna chumba kimoja kina miti."

Mwenye nyumba naye alikuja, akaweka mguu juu ya Nundu, akasukuma na kiatu, akasema jiwe hilo limekaa hapo tangu babu yake hajaoa, na kama Kokoto ana mpangaji anayemtafutia chumba aseme tu. Watu wakacheka. Ndiyo ikawa imeisha hivyo kwa kila mtu isipokuwa baba mdogo.

Alichofanya ndicho kinachonifanya niandike hii habari. Alianza kuyarudisha mawe.

Alianza na trei za nyumbani. Mizizi ya mkuyu ikishashika jiwe haitoki kwa kubembeleza. Ilimchukua miaka kuifundisha ishike, sasa akawa anaikata kwa kisu cha jikoni. Mti unabaki umekaa hewani na umbo la jiwe ndani yake, kama ngumi isiyoshika kitu. Anauweka kando bila kuutazama. Mama mdogo aliyekuwa anaiita miti mke mwenza, siku hiyo aliikusanya yote kwenye beseni la maji, akakaa nayo.

Kitaluni alichukua zake bila kuomba. Mama wa kitalu alimkuta amepiga magoti katikati ya vyungu.

"Una kichaa? Hiyo ya yule mteja wa ofisini iko wapi?"

"Sitaitengeneza."

"Basi usirudi kesho."

"Haya, mama," akasema, akaendelea kukata. Alipigiwa kelele mpaka akamaliza, akabeba mawe yake kwenye mfuko wa mbolea.

Kwa kinyozi nilikwenda naye. Trei ilikuwa chini ya kioo, kinyozi anawaonyesha wateja kuliko anavyowaonyesha mitindo ya nywele.

"Nakuletea nyingine," baba mdogo akasema. "Hii naomba."

"Kokoto, hii nimeizoea. Mke wangu simtunzi hivi."

"Naomba jiwe tu. Mti nakuachia."

"Mti bila jiwe ni nini?"

Mtu aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, akasema, "Mpe, bwana, uninyoe." Kinyozi akampa. Alimpa na wembe wa kukatia mizizi, halafu akageuka upande wa pili.

Duka la dawa walikataa. Wale wa mbali hatukuwapata. Lakini yaliyopatikana yalitosha kujaza uwanja mdogo mbele ya Nundu, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho yeye alikuwa amekielewa tayari na hakusema. Hayakuingia. Yote alikuwa ameyachonga bapa kwa chini. Jino lililokuwa na ncha, la kujibana kwenye ufa, sasa lilikuwa kama kipande cha sabuni. Ukilisukuma ndani linateleza linatoka. Alijaribu kulazimisha kwa vipande vya mbao, kwa mawe mengine ya kuokota, kwa mabaki ya nondo. Fundi mmoja wa ujenzi alipita akamwambia asimamishe magogo, akasimamisha magogo mawili, akaendelea.

Alikuwa na sharti moja. Akianza kugonga, Mama Pacha na watoto watoke nje, waende mpaka kule bombani. Kila jioni baada ya watoto kurudi kutoka shule, anapita kwenye mlango.

"Tokeni nje."

"Nina chungu motoni."

"Tokeni nacho."

Mama Pacha alikuwa anatoka anatukana kwa sauti ya chini, chungu mkononi, mapacha nyuma wamebeba madaftari. Walikuwa wanafanyia hesabu bombani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtaa ukawa unakaa kuangalia kama sinema. Mmoja anasema Kokoto anajenga mlima wa kweli sasa, trei imekuwa ndogo. Nilicheka, ilikuwa inachekesha.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nyepesi tu. Jioni jua lilitoka, mashuka yalikuwa kwenye kamba. Baba mdogo alikuwa amepata jiwe zuri, refu, lenye ncha, akasema hili ndilo. Aliliweka kwa mkono wa kushoto, akaligonga na nyundo. Nilisikia mlio umebadilika, kama unapogonga chungu chenye ufa. Yeye alisikia kabla yangu, maana aligeuza uso kuangalia bombani. Aliwaona wote watatu kule. Halafu Nundu likasogea.

Halikudondoka kwa kishindo kama ninavyoona kwenye video. Liliteremka. Magogo yalivunjika kama njiti, kamba ikavutika na mashuka yote yakaenda nalo, likapita kwenye jiko la Mama Pacha, likapita kwenye chumba cha kulala, likasimama katikati ya njia. Vumbi likawa zito. Tulimkuta baba mdogo pembeni, amekaa, amenyoosha mkono wa kushoto mbele yake kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Lile jiwe refu lilikuwa bado liko pale, limekaa vizuri kabisa mahali alipolitaka. Mkono ulikuwa umesagwa kati yake na Nundu lilipopita.

Hospitali waliukata juu kidogo ya kifundo.

Mtaa mpaka leo unabishana. Wengine wanasema Kokoto aliwaokoa, bila yeye kuwatoa kila jioni wangezikwa wakila. Wengine wanasema bila nyundo zake jiwe lingekaa pale miaka mingine mia. Wanabishana mbele yake. Akiulizwa yeye, anasema yote mawili ni kweli, halafu anaomba mtu amkunjie mkono wa shati.

Mama Pacha yuko kwetu. Mapacha nao. Wanalala kwenye kile chumba cha miti, ambacho sasa hakina miti. Ile ya kwenye beseni ilikufa, na mama mdogo aliitupa mwenyewe. Mama Pacha analipa mashuka ya watu kidogo kidogo kwa kufua bure. Anaongea na mama mdogo, anaongea na mimi, anatania hata na muuza maandazi. Ila na baba mdogo haongei. Wakikutana mlangoni, Mama Pacha anasimama pembeni baba mdogo apite, akitazama ukuta.

Juzi mvua ilikuwa inakusanyika. Baba mdogo alikuwa amekaa uani, Mama Pacha anaanua nguo kwa haraka, pini mdomoni.

"Shemeji," baba mdogo akasema.

Mama Pacha akatoa pini mdomoni, moja moja, akazitia kwenye kikapu.

"Mimi siyo shemeji yako. Sema unachotaka kusema."

"Hicho chumba kinavuja pale kwenye kona ya dirisha. Watoto wasilale upande ule."

"Nimeshawahamisha," akasema Mama Pacha, akabeba beseni lake akaingia ndani.